Kichwa cha Mwingine

Jumanne, wiki ya pili baada ya uporaji wa mji

Kwa hiyo mwili wangu utatundikwa ofisini kwa mwenyekiti wa chama kipya cha siasa.

Suti yangu nyeusi ya harusi niliificha sandukuni miaka yote ambayo serikali ilipiga marufuku tai ya shingoni. Iliporuhusiwa, nilikaa siku kumi mbele ya Kalenga, mwanafunzi wangu wa zamani, anichore. Nilishika glavu kwa mkono wa kushoto, kama watawala wa Italia katika picha za kale nilizomfundisha: mwenye glavu mkononi hafanyi kazi ya mikono.

Kisha waporaji wakaichukua suti. Picha ndiyo iliyobaki, na niliwaahidi wanangu kwamba watairithi.

Leo nimeikuta picha hiyo karakanani kwa Kalenga. Tai ni yangu, glavu ni zangu, uso ni wa mwenyekiti, na rangi yake ingali mbichi.

"Muzee, usikasirike," Kalenga alisema. "Huyu mukubwa hana wakati ya kukaa. We mwenyewe njo ulitufundisha: bale bakubwa ba Italia balikuwa banatuma tu nguo. Kichwa inakuya nyuma."

Nilimfundisha hivyo, ni kweli. Sikujua kwamba alisikiliza vizuri kiasi hicho.

Sikudai picha. Nilimwomba afute kitu kimoja tu, pete iliyo kidoleni mwangu, kwa kuwa marehemu mke wangu Helena hakuolewa na mwenyekiti.

"Iache, Muzee," alisema. "Mukubwa anaipenda sana."