Karatasi ya Wakili kwenye Televisheni ya Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba msaada na tafadhali usinicheke, mimi ni wakili wa kesi za ndoa, ofisi yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na intaneti ni moja kwa wote, wateja, printa, kompyuta yangu na televisheni ya mama mkwe, maana mume wangu anasema kumnyima mgeni intaneti ni uchoyo, akabandika neno la siri ukutani juu ya viti vya kusubiria, nami niliacha folda ya kazi wazi kwenye mtandao huo huo ili nichapishe bila usumbufu. Juzi alikuja mume wa mteja wangu tuzungumze mgawanyo wa mali, akasubiri na simu yake, alipoingia akatoa pendekezo moja tu, mkewe achukue duka aache nyumba, na hilo ndilo hasa mteja wangu aliloniambia kwa siri kwamba akibanwa sana atalikubali. Mteja, aliyekuwa nami ofisini, akafurahi, akasema mimi ni moto wa kuotea mbali, Ijumaa anatia saini. Walipoondoka mama mkwe akaniita, "Mwanangu, waambie wageni wako wasinikatizie tamthilia. Nimewekewa karatasi yako nzima hapa, duka, nyumba, akibanwa, sijui nini." Kumbe jamaa aliifungua kutoka folda yangu kwenye simu yake, akabonyeza vibaya, ikarukia televisheni ya sebuleni. Je, nitaugawaje mtandao bila mama mkwe kuhisi ametengwa?

Wakili Mwenye Haya

Dada wakili, pole. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, wewe ukakipa na neno la siri. Ukarimu gani huo wa kumkaribisha mgeni mpaka kabatini?

Mwite fundi wa mitandao aigawe intaneti yenu mafungu matatu: la kazi, lenye kompyuta na printa, la familia, pamoja na televisheni ya mama, na la wageni, linalotoka nje tu bila kuona kitu cha ndani. Kila fungu na neno lake la siri. Asikupe majina matatu ya mtandao akaacha njia wazi kati yake, hilo ni pazia, si ukuta. Ajaribu mbele yako, akiwa upande wa wageni printa isionekane. Folda ifunge leo. Mama mkwe mwambie hakuna atakayemkatizia tamthilia tena, uone kama yeye mwenyewe hatamhimiza mwanawe akubali.

Lakini umeuliza swali dogo ukaficha kubwa. Unayemwogopa si mama mkwe. Mteja wako anapoteza nyumba huku anakushukuru, nawe umezipokea hizo sifa ukanyamaza, na hapo umenikera. Mpigie simu kabla ya Ijumaa, mweleze yote, kisha aamue mwenyewe kama bado anakutaka. Huenda akakufukuza. Afadhali akufukuze nyumba ikiwa bado haijamtoka.