Sifuri Tatu za Mkula

Mkula,
Jumamosi jioni

Dada yangu mpendwa Natalia,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima huko Kidatu, na kile kikohozi kimekuacha. Shemeji na watoto nao hawajambo? Sisi huku ni wazima, na mimi nimezidi uzima: nimeolewa wiki tatu sasa na kila nikiamka nadhani bado naota.

Dada, ndoa tamu! Asubuhi ukungu unashuka kutoka milimani, unalala juu ya mpunga, na Kelestini wangu anatokeza ndani yake akikokota baiskeli, kana kwamba mawingu yenyewe yamenitumia. Nikimwita anageuka polepole, anatabasamu, nami nasahau nilichomwitia. Mama mkwe anasema nikiendelea hivi nitaunguza wali mpaka ukoo mzima ulale njaa.

Tulikukosa harusini. Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka kwenye kaya za mradi wa kuwatega na kuwahesabu mbu, mimi na cheti changu cha kidato cha nne, nikaukimbilia mtego kabla ya salamu? Ulinivuta kitenge ukaniambia mbu wameshanaswa, hawaendi popote, lakini bibi mwenye nyumba hajaulizwa mguu wake unaendeleaje. Ukanifundisha kushika majina ya watoto, na kurudi kushukuru hata kazi ikiisha, maana mikataba huisha, watu hubaki. Basi waliobaki walikuja wote! Kaya kumi na moja nilizozihudumia miaka mitatu zilileta mchele na kuku, na yule bibi wa mguu alicheza mpaka mkongojo ukamponyoka. Mjomba wa Kelestini akauliza kama kijana wao ameoa msichana au ameoa kijiji kizima.

Sasa nikwambie kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenitania, nami ningepoteza ujasiri. Uliahidi kwamba Jumatatu utawapigia wakubwa wa mradi mpya wa Ifakara, uwaambie nafaa kuwa msimamizi na kwamba unaniamini kama unavyojiamini. Kazi hiyo naitaka, dada. Naiota kama nilivyokuwa nikimwota Kelestini. Lakini soma kwanza.

Kaya ya kina Kelestini ilikuwa namba saba. Nikifika alfajiri namkuta mlangoni, nywele zimechanwa, ameshaniwekea maji ya kunawa. Nikaanza kuiacha namba saba iwe ya mwisho ili nisiwe na haraka. Kisha, ndani ya mwezi mmoja, mara tatu nikakuta feni inayowavuta mbu mtegoni imesimama na kikombe cha kuwanasia kitupu. Unaijua kanuni: unaandika mtego haukufanya kazi, na mara ya tatu kaya inaondolewa mradini. Ningemwona wapi tena? Nikaandika sifuri. Mara tatu, kwa mwandiko mzuri, kana kwamba mtego ulizunguka usiku kucha na mbu hawakuja.

Wiki iliyopita Kelestini akanipa siri yake. Ni yeye aliyekuwa akichomoa waya wa mtego ili achaji simu kwenye betri ya mtego, apate kuniandikia jumbe za kunitakia usingizi mwema. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikaukumbuka mkutano wa kijiji, pale bosi wetu, Ndugu Fulgensi, alipoitaja nyumba ile kuwa haina mbu, na mama mkwe akasimama kujigamba kwamba ni moshi wake wa pumba za mpunga. Tangu siku hiyo majirani wawili wanafukiza pumba, na vyandarua vyao vinafunika vifaranga. Mmoja ana mtoto mchanga. Kicheko kikaniishia kinywani.

Jana nilikwenda kwa Ndugu Fulgensi nikamwambia yote. Aligeuzageuza kalamu. Kisha akasema namba zitasahihishwa, na kwamba majirani nikawaeleze mwenyewe. Nimetoka kwao leo. Mmoja amevikung'uta vyandarua vyake bila kunitazama. Mama wa mtoto amenifokea kwamba nilikuwa natafuta mume kwa damu ya mwanawe. Nimemsaidia kufunga chandarua, nikaondoka.

Kabla sijatoka ofisini jana, Ndugu Fulgensi alifungua jalada langu akatafuta jina la aliyenidhamini. Ni lako. Atakupigia Jumatatu asubuhi. Dada, jina hilo umelijenga mlango kwa mlango kwa miaka ishirini, nami nimelipaka tope kwa sababu ya nywele zilizochanwa. Nilitaka uyasikie haya kwangu kabla hayajakufikia kwa mwingine. Wale wa mradi mpya usiwapigie simu. Na Ndugu Fulgensi akikuuliza kama ulinijua hivi, mwambie hukunijua. Kama atanibakiza kazini, sijui bado. Ukinikasirikia una haki, ila usininyamazie.

Mama mkwe anakusalimu sana, ingawa kwa sasa hanisemeshi kwa ajili ya moshi wake. Nibusie watoto. Kelestini ataipeleka barua hii kwenye basi la kesho. Alitaka aandike hapa chini kwamba kosa ni lake, nimemkatalia. Waya aliuchomoa yeye, lakini kalamu niliishika mimi.

Mdogo wako akupendaye,
Restuta