Funda la Maji Ngomeni

Mombasa,
Mwezi wa nane, 1967

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa au bado anatusumbua? Mimi ni mzima. Kazi ya bandarini inavunja mgongo, lakini chakula nakula. Na wewe Mghoi, dada yangu, unayemsomea Mama barua, leo usiruke mstari hata mmoja. Nakujua.

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu. Ati Mzee Mwakio amevimba tumbo, dawa za Voi zimeshindwa, na wanawe wamekuja hapo Marungu na mbuzi wakikuomba nije nitase, kwa sababu mganga ameona kinyongo cha nyumba yetu. Ati nipande gari moshi Ijumaa, nichukue maji mdomoni, niyapulize, niseme nimemwachilia, naye apone. Haya! Huyu si ndiye aliyeficha nyama ya kongoni ndani ya zizi letu, kisha akawaita askari wa wanyama, kwa sababu ya kile kishamba cha mtoni tulichogombania? Baba akafungwa miaka miwili huku Mombasa, akarudi na kifua, na mvua mbili hazikupita tukamzika. Leo tumbo linamuuma ndiyo anatukumbuka. Mkuki kwa nguruwe!

Nikasema kabla sijajibu, nikaone kwanza alikofungiwa Baba. Ile ngome iliyokuwa jela sasa ni nyumba ya makumbusho. Jumapili nikitoka kanisani nikaenda. Mama, watu wanalipa waingie! Wazungu wamevaa kaptula, wanapigana picha mlangoni, wanacheka. Baba aliingia bure, mimi nikakata tikiti. Ndani kuna vyungu vya zamani vimewekwa kwenye makabati ya vioo, vimepanguswa hata vumbi hakuna. Nikatafuta kitu chochote cha Baba, hata blanketi lake. Wapi!

Mzee anayewatembeza wageni alikuwa askari jela papo hapo, zamani hizo. Nikamwambia naulizia Mtaita mmoja aliyefungwa humu, mrefu, jino la mbele limevunjika. Akasimama.

"Yule wa maji?"

"Maji gani, mzee?"

"Kila asubuhi akipewa kikombe chake, funda la kwanza hanywi. Analipuliza nje, halafu anasema maneno ya kwenu, anataja Mwakio, Mwakio. Sisi tulikuwa tukimcheka. Tukasema, maskini, anamkumbuka mtoto wake."

Mtoto gani, Mama! Nikamweleza kwamba kwetu ndivyo mtu anavyoitoa hasira moyoni, isije ikamdhuru aliyemkosea. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi baba yako alikuwa mtu mwema."

Mwema! Mimi mwanawe wa kwanza nilikuwa nyumbani nachunga mbuzi wake na njaa yangu, na jina linalomtoka mdomoni kila asubuhi ni la mshenzi yule. Nina hasira na Mwakio, na Baba pia, Mungu anisamehe.

Yule mzee akanipeleka kwenye chumba chenyewe. Kidogo, kina joto, dirisha liko juu huko. Nikamwomba maji, akaniletea kwenye kikombe cha bati. Nikajaza mdomo. Usidhani sikukufikiria, Mama. Nilikuona umekaa na wale wanawe, wanalia, na wewe huruma inakushika kama kawaida yako. Ningepuliza pale pale mambo yakaisha, wala nisingepoteza siku ya kazi. Nikasimama mashavu yamenijaa, mama mmoja wa kizungu ananikodolea macho.

Halafu nikameza.

Kwa hivyo waambie hivi. Miaka yote nilidhani kinyongo kinachomla Mwakio ni cha Baba, mimi nimeachiwa kukitunza tu. Kumbe Baba alishamaliza chake kitambo. Kilichobaki ni changu peke yangu, na haki ya Mungu nimefurahi kusikia kinafanya kazi. Mbuzi wao warudishieni. Asichinjwe, na usionje hata mchuzi, maana ukionja umeshakubali kwa niaba yangu. Na mwalimu wa kanisa akija na ile hesabu yake ya saba mara sabini, mwambie Baba alizitoa zote mle ngomeni, asubuhi baada ya asubuhi, na akazidisha. Nyumba yetu haidaiwi msamaha.

Nisalimie mjomba mwenye ng'ombe kule Ndara, na shangazi msuka vikapu, mwambie changu bado kizima. Mghoi, shika masomo, kitambaa cha gauni nitakuletea Krismasi.

Wana wa Mwakio usiwape salamu zangu. Wakikuuliza kama nimetasa, usinifichie, Mama. Waambie maji niliyachukua mdomoni, tena ndani ya chumba kile kile, na yalikuwa matamu.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Mwadime