Mpaka Dole Gumba Lisizame

5 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Habari za nyumbani na za karakanani? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Nimekonda kidogo, na usianze kunisema, maana jina la Spoki ulinipa mwenyewe.

Barua yako ya Desemba nimeisoma kwa taabu kama kawaida. Umeipakaza wino kila mstari kwa hicho kiganja chako cha kushoto. Mama, barua zako zinahitaji kufuliwa, na kufua ndiyo kazi yangu: mashuka ya hospitali nzima, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi.

Huku theluji imeanguka siku tisa mfululizo. Ikikanyagwa inageuka barafu, unatembea kama umemwagiwa sabuni sakafuni. Upepo nao hauna adabu. Juzi umenivua kitambaa kichwani, kikaenda kunasa juu ya bomba la mvua, na mpaka leo kipo huko kinanipungia.

Sasa sikiliza. Kila majira ya baridi wenzangu wa kufulia hulizunguka ziwa kwa baiskeli, kilomita kumi na nane juu ya tuta. Wanasema hakuna wakati panapendeza kama huu, ziwa lote limeganda na kila tawi limevaa barafu. Bibi Sabuni, mama mtu mzima anayepima sabuni za mashine, amenialika. Ni Jumapili, tarehe 12 Februari. Mama, miezi kumi na moja nakula chakula cha mchana peke yangu nikitazama mashine inavyozunguka. Hii ndiyo mara ya kwanza mtu wa huku kuniita mahali. Nilisema ndiyo kabla hajamaliza, kisha nikajigamba kwamba mama yangu ni fundi baiskeli, mimi nimezaliwa kwenye keria.

Ukweli naogopa. Tuta lenyewe ni jembamba, halina ukingo. Upande mmoja ziwa, upande wa pili mtaro wa mawe. Mwaka juzi upepo ulimwangusha mtu, hakuamka tena. Walinisimulia hayo huku wakinimiminia chai. Nimenunua baiskeli kuukuu, na usiku naiota. Nikikataa, hawataniita tena. Niambie niitengeneze vipi. Ukinielekeza wewe nitapanda bila kutetemeka.

Mwanao,
Spoki

17 Januari

Mwanangu Spoki,

Marahaba, mama. Sisi wazima, mgongo upo, haujahama. Majirani wote wanakusalimu, na paka wa karakanani amezaa kwenye sanduku la spana, kwa hiyo kazi zimesimama nusu.

Huyo aliyekufa kwenye tuta ulikuwa na haja gani ya kunisimulia? Ulitaka tuogope wawili? Haya, umefanikiwa.

Nimeandika "usiende" mara mbili, na mara mbili nimechana karatasi. Kula peke yako najua kulivyo. Baba yako alipofariki nilikaa mwaka mzima na spana mkononi, wateja wananipita kwenda kwa fundi wa sokoni, eti mwanamke ataharibu. Aliyekuja wa kwanza sijamsahau mpaka leo. Kwa hiyo nenda, lakini nenda na baiskeli iliyotengenezwa.

Kaza nati zote, kisha zikaze tena. Cheni ipake mafuta kidogo, usiioshe nayo. Kitambaa kichomeke ndani ya koti kisije kikaingia kwenye gurudumu. Na kubwa kuliko yote ni matairi. Tairi laini ndilo linaloyumba na kumwaga mtu. Jaza upepo mpaka dole gumba lisizame. Bonyeza kwa nguvu zako zote. Likizama hata kidogo, rudi kwenye pampu. Katika hilo usibishane nami. Miaka ishirini na sita sijamkabidhi mteja tairi laini, na hakuna aliyeanguka kwa kazi ya mkono wangu.

Ukirudi salama niandikie siku hiyo hiyo, hata kama hujavua viatu.

Mama yako,
Fundi

2 Februari

Spoki mwanangu,

Salamu baadaye. TOA UPEPO KWENYE MATAIRI.

Leo asubuhi Mwalimu wa jiografia ameleta baiskeli yake kuziba tundu. Unamkumbuka, yule aliyesoma miaka minne kwenye nchi za baridi. Nikamsimulia habari zako kwa majivuno. Akaacha kucheka. Akaniuliza, "Fundi, umemwambia ajaze?"

"Mpaka dole gumba lisizame," nikasema.

"Kwenye barafu? Mama wee! Kule tairi gumu halishiki kitu. Sisi tulikuwa tunalitoa upepo mpaka linatepeta, ndiyo linakamata."

Nikamwita mwongo. Hakukasirika. Akachuchumaa, akachukua chaki, akanichorea sakafuni: tairi gumu linagusa chini padogo kama kifungo cha shati, laini linagusa pana kama kiganja. Mimi ni fundi, Spoki. Nilielewa pale pale.

Nimekimbia posta na mikono ya grisi. Nimepiga simu hospitali kwenu. Aliyepokea hakuelewa neno langu hata moja, akakata. Nikapiga tena, nikataja jina lako tu, mara tatu, nne. Akakata. Karani anasema barua ya haraka inachukua siku kumi na sita. Zimebaki kumi. Nimezihesabu kwa vidole mbele yake, nikazihesabu tena, mpaka akaniletea kiti.

Basi naomba kitu ambacho sijawahi kukiomba: ile barua yangu ya tarehe 17 ipotee. Ianguke nyuma ya kabati, ilowe, panya waitafune. Miaka yote nawatukana watu wa posta kwa kupoteza barua. Leo nawaombea wapoteze.

Usiende. Kaa chumbani, ule peke yako, uwe hai. Na kama umeshakwenda, sijui niandike nini hapa.

Mama yako

9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote pamoja na paka mzazi.

Barua yako imefika leo, siku tatu kabla ya safari. Ungeniona nilivyoruka! Nimekaza nati zote na kuzikaza tena. Nimejaza matairi mpaka pampu imegoma. Nimebonyeza kwa dole gumba, halizami. Nikambembeleza jirani wa chumba cha pili, mwanamume mzito, abonyeze na yeye: halizami. Magumu kama jiwe, Mama, ungejivunia.

Redio inasema Jumapili upepo utakuwa mkali. Moyo unanidunda hata nikiwa nimelala. Lakini nikiitazama baiskeli pale ukutani najiambia, hii imepita mkononi mwa mama, na pumzi inashuka kidogo.

Mwanao,
Spoki

13 Februari

Mwanangu,

Hujambo? Nauliza kama kawaida. Leo Jumatatu. Lililokuwa liwe, limeshakuwa tangu jana, na mimi sijui ni lipi.

Jana tangu asubuhi nilikaa mlangoni. Hapa hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani, na mimi nilikuwa nimeshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili. Watu wakidhani nimechanganyikiwa hawajakosea sana.

Leo mteja wa kwanza kaniambia, "Fundi, nijazie." Nikashika pampu. Mkono ukakataa. Nimemwambia aende sokoni. Nimefunga karakana, funguo nimempa jirani. Mkono uliokuandikia yale siutaki kwenye baiskeli ya mtoto wa mtu.

Niandikie. Hata neno moja.

Mama yako

20 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Samahani kwa mwandiko na uchafu, kalamu inavuja kwa baridi.

Barua yako ya kutoa upepo imefika juzi. Tulia, Mama. Sikuanguka. Kabla hatujaanza Bibi Sabuni aliyaminya matairi yangu, akacheka, akatoa upepo mwenyewe. Hata hatua moja sikwenda nayo magumu. Kwa hiyo usijilaumu, na ole wako uache kazi kwa ajili hiyo. Nakujua.

Niliogopa, siwezi kukuficha. Upepo ulitoka upande wa ziwa, hakuna mti wa kuuzuia, ukawa unasukuma mabega kama watu kwenye foleni. Theluji nyepesi ilitambaa juu ya barafu kama moshi. Matete ya ukingoni yote yamevaa barafu, upepo ukipita yanagongana kama vijiko sinkini. Na ziwa linalia, Mama! Barafu inapasuka ndani kwa ndani, mlio kama mtu anaburuta meza ghorofani. Mara ya kwanza nilipousikia nilipiga kelele.

Lakini panapendeza. Kuna mti mmoja umeinamia ziwa, nimehesabu matawi yake kumi na moja, kila moja na ncha ya barafu inayowaka jua. Kuna ndege weupe waliosimama juu ya barafu kwa mguu mmoja, wote wameukabili upepo kwa vifua. Niliwatazama muda mrefu. Nilitamani ungekuwepo uone.

Mwanao,
Spoki

7 Machi

Mwanangu Spoki,

Marahaba. Barua zako mbili, ya tarehe 9 na ya tarehe 20, zimefika pamoja leo. Nililia barabarani bila kuona aibu, nikazisoma mara nne. Mara ya tano sikusoma. Nilizitazama tu, kama ninavyotazama baiskeli ambayo mwenyewe anaapa haijaanguka.

Kalamu inayovuja hudondosha, mama. Haipakazi kila mstari kutoka kushoto kwenda kulia. Uchafu huo naujua, nilichapwa kwa ajili yake tangu darasa la kwanza. Ni uchafu wa mtu anayeandika kwa kushoto, kiganja kinafuata nyuma ya wino. Barua ya tarehe 9 ni safi kama shuka lako. Ya tarehe 20 inafanana na zangu.

Tena aliyeshika usukani kwenye barafu, anayeogopa, upepo unamsukuma, hahesabu matawi. Anatazama chini mbele ya gurudumu. Wewe ulikuwa umekaa, mtu mwingine anaendesha.

Mkono wako wa kulia uko wapi? Umevunjika? Upo? Niambie ulivyo, usinirembee. Kuogopa kitu ninachokijua nitaweza. Kuogopa nisichokijua ndiko kumenimaliza.

Na kama ni mimi, basi nisamehe. Mtoto ndiye huomba radhi kwa mzazi, najua, lakini leo naomba mimi. Sikukudanganya. Nilikuwa na uhakika, na hilo ndilo linalonitisha, maana ningeweza kukuua nikiwa na uhakika. Karakana bado nimeifunga. Wateja wanagonga, sitoki.

Mama yako

24 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mkono upo. Umevunjika kifundo, umefungwa plasta, Jumatatu inakatwa. Vidole vyote vinacheza, nimevihesabu mbele ya daktari kama ulivyohesabu siku mbele ya karani.

Nilianguka kwenye kona ya kwanza. Matairi yalikuwa magumu, upepo ukanigusa tu, baiskeli ikaniponyoka kama sabuni. Nilianguka upande wa mtaro. Kulikuwa na jiwe karibu na kichwa changu, Mama, karibu kuliko ninavyotaka kuandika. Bibi Sabuni akavua kitambaa chake akanifunga mkono, ndipo akayaminya matairi, na hakucheka. Wakaniweka kwenye keria yake, mmoja kulia mmoja kushoto, yeye akasukuma mpaka barabarani. Ndiyo maana niliona ndege na matawi. Hayo sikutunga.

Nilidanganya kwa sababu nilijua utafunga karakana. Kumbe ulishafunga, na uwongo wangu haujasaidia kitu.

Tangu siku ile wananikatia mkate kwa zamu mchana, kwa kuwa mkono mmoja hauwezi. Sijala peke yangu hata siku moja.

Bibi Sabuni anasema barafu bado ina wiki moja, twende tena tumalizie. Naogopa. Nimesema ndiyo. Matairi nimeyatoa upepo, nimeyabonyeza kwa dole gumba la kushoto, linazama vizuri. Ila breki ya mbele inalia, na hapa hakuna ninayemwamini. Barua yako haitawahi safari hii, lakini nitakuwa na nyingine. Niambie inatengenezwaje.

Usinijibu kwa kukumbuka tu. Chukua funguo kwa jirani, fungua, ishike breki mkononi, ndipo uniandikie.

Mwanao,
Spoki