Vyungu vya Pangoni

Vugiri, Korogwe

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba. Sisi hatujambo, mama yako mdogo amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza mbona wanafunzi wako wanasinzia kwenye somo la historia.

Enzi za Mjerumani, nikiwa mtoto, bibi yangu alitusimulia kisa cha msichana aliyewakimbia wateka watumwa, akajificha pangoni na jogoo aliyemfunga mdomo asiwike. Mimi na dada yangu tukapanda mlima kulitafuta pango hilo. Tukalipata, na ndani mlikuwa na vyungu vilivyovunjika. Tulirudi mbio.

“Bibi, kweli jogoo hakuwika?”

Akacheka. “Jogoo nilimtunga ili mnisikilize.”

“Na vyungu?”

“Vile ni vya mama yangu. Msichana yule ni mimi.”

Tukamsogelea, tukamuuliza maswali mpaka akatokwa na machozi. Alisema hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Basi wasimulie kisa kwanza, mjukuu wangu. Maswali watayaleta wenyewe. Mimi siku ile niliuliza jina la mama yake. Aliitwa Mboni, na ndilo jina nililompa mama yako.

Nakuombea heri,
Bibi yako