Seli Zangu Zina Mlezi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha vituko vyake. Mimi sijambo. Dawa nameza, usingizi napata, na zile sauti bado zipo, ila siku hizi zinanong'ona tu, kama majirani walioninunia.

Unakumbuka daktari wangu alipoomba damu yangu kwa utafiti wa skizofrenia, nawe ukaguna? Juzi alinipeleka maabara nikaone walichoifanyia. Ni chumba kidogo chenye baridi, kinanukia spiriti. Walichukua seli za damu yangu wakazirudisha utotoni, yaani kwenye hali ile ambayo seli haijaamua itakuwa nini, kisha wakazilea hadi zikawa seli za ubongo. Mama, watu hawa wana akili mpaka niliona haya kukohoa mbele yao.

Mlezi wa seli hizo ni dada mmoja mpole. Kila siku, hata sikukuu, anazibadilishia maji ya chakula, maana zikisahaulika zinaharibika. Alisema zangu zina madeko kuliko zote; nikamwambia hilo angekuuliza wewe. Kwenye hadubini niliona nyuzi nyembamba zikitafutana. Nikamuuliza kama na zenyewe zinasikia sauti. Hakunicheka. Alisema ni chache mno kuweza kuwaza lolote, akanisogezea kiti niendelee kutazama. Nilimpenda papo hapo, lakini usianze kunitafutia suti, ana mume.

Daktari alieleza kwamba seli zangu zinaungana kwa uchache kuliko za watu wasio na ugonjwa huu. Bado ni mapema, alisema, ila huenda siku moja zikasaidia kujaribu dawa mpya.

Sasa nikwambie kwa nini nilikubali kutolewa damu. Nilikusikia jikoni ukimwambia mama mdogo kwamba niliugua kwa sababu ya lile kofi ulilonizaba, wiki ile ile sauti zilipoanza. Umelibeba miaka yote hii, nami sikuwa na maneno ya kukutua. Basi nilimuuliza daktari pale pale, mbele ya zile seli. Alinitazama usoni akasema, "Mwambie mama yako kofi lake halikuleta ugonjwa huu. Hizi hakuna aliyezigusa hata kwa kidole, na bado ziko hivi."

Nililia, Mama. Lia na wewe, kisha upumzike.

Msalimie sana mama mdogo. Na barua hii umsomee yote, maana na lile la jikoni alilisikia.

Mwanao akupendaye,
Kitinda mimba wako