Waliniachia Nusu ya Mlango wa Choo

Dona Hermínia mpendwa, pokea kwanza heshima zangu, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi na sikuwahi kufikiri kwamba na mimi ipo siku nitakaa niandike kwenye ukurasa huu ambao huwa nausoma kwenye tramu nikijisemea moyoni jamani watu wana mambo, lakini maji yamenifika shingoni na sina wa kumwambia, maana wale niliokuwa nawaambia ndio haohao niliokosana nao, naomba unisaidie kabla sijafanya uamuzi ambao pengine nitaujutia.

Mimi ni binti wa Guimarães, Ureno, nafanya kazi hapa Trondheim, Norwe, kwenye karakana ya miguu ya bandia, natengeneza ile sehemu ya juu ambamo kigutu cha mtu kinaingia, kazi naipenda kwelikweli, na wenzangu ni watatu tu, Torbjørg ambaye meza yake imeshikana na yangu, Eskil ambaye ndiye bosi wetu, na Sunniva anayepokea wagonjwa, na tangu nifike hapa watu hawa walikuwa wananichukua wikendi kama vile nimezaliwa nao, Jumamosi tunapanda mlima, tunakaa juu kwenye mwamba tunakula machungwa na chokoleti huku upepo unatupiga, wamenifundisha kuteleza kwenye theluji nikaanguka mpaka nikachoka kuona aibu, tumeshapanda treni mpaka ng'ambo ya mpaka, Uswidi, kwenda kununua pipi tu na kurudi, na mimi niliyekuja huku simjui mtu nikaanza kumwambia mama kwenye simu usinihurumie tena, huku nina watu.

Sasa mwezi wa tano Torbjørg akaniambia Jumamosi kuna dugnad kwenye kibanda cha familia yao mlimani, na mimi niende, na alivyolitamka hilo neno, Dona Hermínia, uso wake uling'aa kama anazungumzia harusi, akasema mama yake atapika uji wa krimu, Eskil anakuja, Sunniva anakuja, na mimi nikaona haya kuuliza dugnad ni nini kwa sababu wiki hiyohiyo nilikuwa nimejisifu mbele yao kwamba lugha yao sasa naimudu, nikajiambia bila shaka ni sherehe yao ya kukaribisha majira ya joto, basi nikavaa gauni langu la kijani, nikavaa viatu vyangu vyekundu vya kisigino, nikabeba mvinyo wa kwetu na keki za mayai nilizooka mwenyewe.

Kufika, hakuna meza, hakuna muziki, hakuna aliyechana hata nywele. Torbjørg akanitazama kuanzia juu mpaka chini akasema, "Umependeza sana. Ngoja nikutafutie mabuti," akaniletea mabuti ya mpira ya marehemu baba yake na ovaroli lenye madoa ya rangi, akanipa chuma cha kukwangulia, akanipeleka nyuma ya kibanda kwenye choo cha shimo, kile cha mbao chenye tundu la umbo la moyo mlangoni, akaniambia mlango huu ni wako, ukwangue rangi ya zamani halafu uupake nyekundu, na ndani ukutani nikaona wametundika picha ya mfalme wao na malkia, chooni, Dona Hermínia, nikajiuliza hawa watu wanamheshimu nani.

Naomba unielewe, mama yangu alisafisha nyumba za watu Luxembourg tangu mimi mdogo, nimelelewa na bibi kwa sababu mama yuko kwenye vyoo vya watu, na siku nilipohitimu alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Nimesugua mimi ili wewe usisugue," na kwetu wewe unajua mgeni hata sahani yake haruhusiwi kuinua mezani, sasa mimi nimesimama na gauni langu ndani ya ovaroli la marehemu nakwangua mlango wa choo, nikakwangua, nikafika nusu, machozi yakaanza kunitoka, Eskil alikuwa uvunguni mwa kibanda anazibua mtaro, matope mpaka masikioni, Sunniva yuko juu ya paa, hakuna hata mmoja aliyeniona nalia, mara mama mzee wa Torbjørg, bibi Gudny, akapita na mkongojo wake na kopo la misumari, akachungulia kazi yangu akasema, "Hapo chini bado."

Basi nikalipuka. Nikakitupa kile chuma, nikajivua lile ovaroli, nikasema kwa sauti ambayo hata wa juu ya paa alisikia, "Mimi si kijakazi wenu. Mkitaka wa kuwasugulia choo tafuteni mtu mumlipe," nikashika njia mpaka kituo cha basi, na kwa hasira niliyokuwa nayo nilifika nyumbani ndipo nikagundua kwamba nimeondoka na mabuti ya marehemu, viatu vyangu vyekundu nimeviacha mlangoni kwao.

Tangu siku hiyo hawajanigombeza, na afadhali wangenigombeza, wananisalimia, wananimiminia kahawa, Ijumaa wananiambia wikendi njema halafu wanaondoka zao, na mimi Jumamosi nakaa dirishani nautazama mlima ambao kila jiwe lake nalijua. Na kilichonimaliza kabisa ni cha juzi, Torbjørg kabandika picha ukutani jikoni kazini, kibanda chote kimepakwa kinameremeta kwa wekundu, ila mlango wa choo uko vilevile nilivyouacha, nusu umekwanguliwa, nusu umebaki na rangi kuukuu inayobanduka, Eskil akacheka, Sunniva akacheka, na Torbjørg akanigeukia mbele yao wote akasema, "Mlango wako ule. Na viatu vyako viko palepale. Jumamosi ijayo tunakwenda kumalizia."

Nilikwenda msalani nikajifungia nikalia, maana sijawahi kuanikwa namna ile. Sasa kuna karakana ya kule kwetu Porto imeniita kazini na inataka jibu kabla ya wiki ijayo kwisha, na mimi nimeshaandika nakubali, bado kutuma tu, lakini mkono unakataa, kwa sababu kazi hii naipenda na watu hawa nawapenda na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Je, niende zangu? Na yale mabuti niyarudisheje, nikiyaacha mezani kwa Torbjørg asubuhi kabla hajafika, bila neno, itakuwa vibaya?

Ni mimi, Leonilde wa Trondheim.

*

Leonilde mwanangu,

Barua yako niliposoma mara ya kwanza nilikuonea huruma. Niliposoma tena nikatamani ningekuwa karibu nikuvute sikio. Nianze na huruma, maana sikio litachukua muda.

Uchungu wa mama yako si kitu kidogo, na asikudanganye mtu kwamba umeufanyia maigizo. Mtoto aliyelelewa na bibi kwa sababu mama anasugua vyoo ng'ambo hawezi kupewa mlango wa choo akacheka tu. Pole sana. Ningekuwa mimi pia ningelia, tena kwa sauti.

Haya, lete sikio. Umekaa na watu hawa, umeanguka nao kwenye theluji, umekula machungwa yao mlimani, halafu neno moja likakushinda ukaona haya kuuliza. Wangapi wangekuona mjinga? Watatu, na wote wanakupenda. Ungeuliza, ungekwenda na suruali kuukuu na mambo yangekwisha. Dugnad ni msaragambo, mwanangu. Watu wanajikusanya wanaifanya kazi ya mwenzao kwa mikono yao, hakuna malipo, wakimaliza wanakula uji kutoka sufuria moja. Mimi nimeolewa Bergen na nimezeeka huku, na nakwambia hakuna neno Wanorwe wanalolipenda kama hilo. Ndiyo maana uso wa Torbjørg uling'aa.

Sasa sikiliza kitu ambacho hukukiona. Mgeni haalikwi kwenye dugnad. Mgeni huku anaalikwa chakula cha jioni, anawekwa kwenye kochi, anaulizwa kama baridi ameizoea, anarudishwa kwake. Unalalamika kwamba hawakukutendea kama mgeni. Ni kweli, hawakukutendea. Walikuwa wameshakutoa kwenye ugeni, wakakuvika mabuti ya baba yao, na wewe ukaona umeshushwa.

Halafu nikuulize. Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, ukapita kama hukuandika kitu: bosi wako alikuwa uvunguni na matope mpaka masikioni. Mama yako alipokuwa akisugua Luxembourg, bwana mwenye nyumba alikuwa naye uvunguni? Bibi mwenye nyumba alipita na mkongojo akibeba misumari? Mama yako alisugua peke yake wakati wao wamekaa. Hicho ndicho kilichomuuma, na hicho ndicho alichokukataza. Hakukukataza kushika brashi pembeni ya watu walioshika brashi.

Na hiyo picha ya mfalme iliyokuudhi. Bibie, huku vibanda vingi vina picha hiyo mahali hapohapo, na mfalme wao wanampenda kweli. Choo cha kibandani ni fahari yao, kila anayefika anakwenda kukisalimia, na mlango wenye moyo ndio wanaoupiga picha. Torbjørg angetaka kukudharau angekupa mtaro. Mtaro alipewa bosi.

Ulikosea, na kosa lako nalitaja waziwazi: uliposema "tafuteni mtu mumlipe", ulimwambia bibi kizee, kwenye nyumba aliyoachiwa na mumewe, kwamba upendo wao ni kibarua. Hapo uliwaumiza. Kimya chao usikiite kutengwa. Hawa wakiona mtu amekasirika wanajitenga wampe nafasi, na wanaamini kabisa kwamba hiyo ni adabu. Sisi tungekuja mlangoni kwako na supu na makelele. Wao wanakumiminia kahawa na kungoja. Wewe unangoja wao waseme, wao wanangoja wewe utulie, mtazeeka mnangojana.

Sasa hiyo picha ya jikoni. Tumia akili uliyopewa. Watu wamepaka kibanda kizima, kuta, madirisha, mpaka ukingo wa paa. Nusu ya mlango iliyobaki ingewachukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Kwa nini hawakuumalizia? Na viatu vyako: meza yako na ya Torbjørg zimeshikana, wewe umesema. Angetaka kukutoa maishani mwake, Jumatatu ile ungevikuta viatu mezani ndani ya mfuko wa plastiki. Viko mlangoni kwake mpaka leo. Hawa watu kubembeleza hawajui, hawakufundishwa. "Mlango wako ule, Jumamosi tunakwenda" ndiyo barua yao ya mwaliko, nawe umekwenda kuilia msalani.

Basi fanya hivi. Porto usiwatumie kitu leo. Siku ukitaka kurudi Ureno, rudi kwa sababu umemmisi mama yako au umechoka na mvua, mimi mwenyewe nitakusindikiza. Usiikimbie nchi kwa sababu ya neno ulilokosa kuuliza maana yake.

Kesho asubuhi, kahawa ikiwa mezani, mwambie Torbjørg, "Lile neno nililielewa vibaya, na nilichosema mbele ya mama yako hakikufaa." Basi, usirefushe, atakosa pa kuuweka uso. Akinyamaza, mngoje. Akishajibu, mweleze habari ya mama yako na Luxembourg, yote, kwa sababu yeye hajui, na mtu hawezi kukwepa kidonda asichokijua.

Jumamosi nenda. Oka tena zile keki za mayai, maana hukuniambia kama kuna aliyezila, na nina hakika ziliisha. Ukifika mtafute bibi Gudny kabla ya mtu mwingine yeyote, umwombe radhi ukimtazama machoni, halafu umuulize sehemu gani ya chini ilikuwa bado. Atakuonyesha kwa mkongojo. Usikasirike, kwake huko ndiko kukusamehe.

Mabuti usithubutu kuyaacha mezani kwa mtu kama mwizi anayerudisha mali. Yavae toka nyumbani, panda nayo basi. Na ukishamaliza mlango, mpigie mama yako simu palepale, mwonyeshe, umwonyeshe na bosi wako alivyochafuka. Atakuelewa kuliko unavyofikiri.

Jioni, wakati wa kuondoka, utaviona viatu vyako vyekundu pale kizingitini. Usivichukue. Viache hapohapo walipovitunza, urudi mjini na mabuti.

Dona Hermínia